Picha Inayokamilika Kabla ya Kusafishwa

Kwa Kiswahili twasema kwamba filamu "husafishwa", kana kwamba nuru huingia katika kamera ikiwa na uchafu, na kazi ya kuitakasa humngoja fundi wa chumba cha giza. Nadhani neno hili limewapotosha wapiga picha wengi. Wamezoea kufyatua kwanza na kufikiri baadaye, wakiamini kwamba kosa lolote litaondolewa na fundi, au siku hizi na simu.

Ninazo picha mbili zilizopigwa Turiani, chini ya milima ya Nguru, katika miaka ya 1980. Zote ni za rangi nyeusi na nyeupe, na mpigaji ni mmoja. Katika ya kwanza, jamaa wa bibi harusi wamepangwa saa sita mchana mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Ukuta umetoka vizuri, hata nyufa zake zahesabika. Lakini nyuso za watu ni masizi matupu, na shangazi yangu namtambua kwa kanga yake tu. Katika ya pili, bibi mzee ameketi juu ya kigoda chini ya mwembe, ameuelekeza uso palipo wazi. Kila kunyanzi laonekana, na weusi wa ngozi yake una mng'ao.

Tofauti imetoka wapi? Kipima mwanga hutengenezwa kwa kudhani kwamba vitu vilivyo mbele yake, kwa wastani, ni vya kijivu. Kikiuona ukuta mweupe hushauri nuru ipunguzwe, na uso mweusi ndio unaoadhibiwa. Mpigaji hodari hupima karibu na uso wenyewe, akaliacha tundu la lenzi wazi kuliko ukuta unavyodai, au akamhamishia mtu kivulini. Asipofanya hivyo, mahali pa uso kwenye filamu hubaki patupu, na hakuna fundi awezaye kusafisha kisichokuwapo.

Wapo walioufanya ustadi huu kuwa kama dini. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alichukia picha zake kukatwa pembeni. Hata hivyo picha yake mashuhuri ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, ilikatwa. Simlaumu, kwani nami sijapata kuandika shairi nisifute mstari. Yule mrukaji hakudhurika.

Ninachokipinga ni marekebisho yanayombadili mtu. Tangu miaka ya 1950, kadi ambazo Kodak ilizigawa kwa maabara ili zipatanishe rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na kwa miaka mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Leo baadhi ya simu hung'arisha uso bila kuombwa. Huko Turiani nilimwona kijana akimpiga picha mama yake, moshi wa miwa iliyochomwa ukiwa nyuma yao. Simu ikatoa mwanamke mweupe asiye na kunyanzi hata moja.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

Kijana alicheka, akataka kuirekebisha. Nikamwomba amsogeze mama chini ya mti, azime kirembesho, kisha aguse uso kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Akafyatua mara moja. Mama aliitazama kwa kitambo.

"Hii usiifute, baba."