Kifo Kisichoua: Jagina na Mwendelezo Usiokoma katika Filamu za Hollywood

Lawama zielekezwazo kwa filamu ghali za majagina na za bunilizi za kisayansi zitokazo Hollywood zimekithiri tangu mwaka 2019, na nyingi kati yake zimekosa shabaha. Husemwa kwamba filamu hizi zinafanana. Kwamba msuko wake hutabirika. Kwamba kilele chake daima ni vita vya angani vilivyochorwa kwa kompyuta, huku mji mzima ukibomoka. Yote haya ni kweli, ila hayaelezi lolote. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kuupokea ufanano kama kosa, maadamu ngano, tendi na visasili huishi kwa fomyula, na hadhira huvifuata kwa sababu inaifahamu fomyula hiyo. Makala haya yanashikilia kwamba kilichowavunja moyo watazamaji ni jambo mahususi zaidi. Katika filamu hizi kifo kimenyang'anywa nguvu zake, na pamoja nacho kila tendo ambalo thamani yake ilitokana na kutoweza kutenguliwa.

Mwongozaji Martin Scorsese alilikaribia jambo hili mwaka 2019 alipozifananisha filamu za Marvel na bustani za burudani, na baadaye akaeleza katika gazeti la New York Times kwamba hamna ndani yake kitu chochote kinachohatarishwa. Alipatia katika sehemu hii ya mwisho. Alikosea kwa kuujumuisha utanzu mzima katika hukumu moja, kana kwamba jagina arukaye angani hawezi kubeba uzito wa tanzia. Jagina wa utendi naye si mtu wa kawaida.

Hadhira ya Utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa aliutunga mwaka 1913, haikuhitaji kungojea kwa taharuki ili ijue kama Liyongo angeuawa. Habari ya sindano ya shaba na ya kitovu ilikwisha kuenea, na ya mwana aliyerubuniwa amuue babake pia. Hata hivyo kila utendi ulipoghaniwa Liyongo alikufa upya: amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wa mji wakiogopa kuteka maji kwa hofu ya maiti. Kinachorudiwa hapo ni usimulizi. Kifo chenyewe hakiguswi, na ni kwa kuwa hakiguswi ndipo kinapoweza kusimuliwa mara elfu. Filamu zinazojadiliwa hapa hufuata njia iliyo kinyume kabisa. Hazisimulii upya, bali huendeleza. Na ili mwendelezo usikatike, hapana budi kifo kifutwe.

Mfano mkuu ni jozi ya Avengers: Infinity War (2018) na Avengers: Endgame (2019), zilizoongozwa na ndugu Anthony na Joe Russo. Mwishoni mwa filamu ya kwanza Thanos anaangamiza nusu ya viumbe vyote kwa ishara moja ya vidole. Miongoni mwa wanaogeuka vumbi wamo mvulana Peter Parker na mfalme T'Challa. Kama fani, tukio hilo limebuniwa kwa ustadi: muziki unafifia, hakuna damu, na wanaobaki hawana hata maiti ya kuzika. Lakini studio ilikwisha kutangaza filamu nyingine ya Spider-Man kwa mwaka uliofuata. Mtazamaji aliyefuatilia habari hizo aliombwa amlilie mvulana ambaye tarehe ya kurudi kwake ilijulikana. Endgame iliwarejesha wote, ikachuma zaidi ya dola bilioni 2.7, na miezi michache baadaye Spider-Man: Far From Home ikaigeuza miaka mitano ya maombolezo ya ulimwengu mzima kuwa mzaha wa shule: wanafunzi waliotoweka wanarudi na kuwakuta wadogo zao wamewapita umri. Mjane aliyeolewa tena katika miaka hiyo mitano, yatima aliyelelewa na jirani, nyumba iliyokwisha kuuzwa: riwaya nzima ilikuwa imelala humo. Mfululizo wa televisheni wa mwaka 2021, The Falcon and the Winter Soldier, ulijaribu kuigusa kupitia kwa watu waliofukuzwa makwao baada ya waliotoweka kurejea, kisha ukawatupa watu hao kando ili kupisha mapigano ya kilele.

Umberto Eco aliyaona haya mapema. Katika makala yake ya mwaka 1962 kuhusu Superman, alieleza kwamba kila tendo la kweli humpeleka mhusika hatua moja karibu na kifo chake, kwa kuwa tendo hula muda wa mtendaji. Jagina wa mfululizo wa kibiashara hawezi kuruhusiwa kuliwa hivyo, kwani wiki ijayo atahitajika tena. Waandishi wa vitabu vya katuni waliutatua utata huu kwa kuuacha wakati uwe wa kindoto, ambamo kisa cha leo hakikumbuki sana cha jana. Marvel Studios, iliyoanza mfululizo wake kwa Iron Man mwaka 2008, ilijaribu kufanya jambo ambalo Eco aliliona gumu. Iliunganisha visa vyote katika mfuatano mmoja wenye kumbukumbu, na waigizaji wakazeeka mbele ya kamera. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake kwa takriban miaka 11, na kifo cha Tony Stark mwishoni mwa Endgame kilipata uzito kwa sababu mtazamaji alikuwa amemwona akitumika na kuchakaa. Mnamo Julai 2024 ikatangazwa kwamba Robert Downey Jr., mwigizaji huyohuyo, angerejea katika filamu za Avengers akiwa mhusika mwingine, Doctor Doom. Si ufufuo kwa maana halisi. Ila uso uliozikwa umechimbuliwa.

Yamkini atatokea mtetezi wa kusema kwamba ufufuo ni mali halali ya masimulizi ya kale. Ni kweli, lakini katika masimulizi hayo ufufuo hudai malipo, au hushindikana pale ambapo kushindikana kwake ndiko maana yenyewe. Gilgamesh, baada ya kifo cha Enkidu, hupata mmea wa kumrudishia ujana, na nyoka akauiba. Orpheus hugeuka nyuma. Katika filamu hizi nyoka hayuko, na kila anayegeuka nyuma humkuta mkewe bado yupo. Gamora, aliyesukumwa kutoka jabalini na babake katika Infinity War, nafasi yake inachukuliwa katika Endgame na Gamora wa mwaka 2014 aliyevushwa kutoka wakati uliopita. Loki, aliyenyongwa mwanzoni mwa filamu hiyohiyo, anachepuka katika mkondo mwingine wa wakati na kupewa mfululizo wake mwaka 2021. Nadharia ya malimwengu sambamba, ambayo katika fasihi ya kisayansi ingeweza kuzaa tafakuri nzito juu ya uchaguzi na majuto, imefanywa ghala la vipuri.

Hasara kubwa zaidi, ambayo wahakiki hawajaitilia maanani vya kutosha, ni kwamba utenguzi huu hurudi nyuma na kuiharibu kazi iliyokwisha kukamilika. Katika Return of the Jedi (1983) Darth Vader anamtupa mfalme Palpatine shimoni ili kumwokoa mwanawe, naye anakufa kwa tendo hilo. Filamu tatu zilielekea kwenye dakika hiyo. Mwaka 2019 Star Wars: The Rise of Skywalker, iliyoongozwa na J. J. Abrams, inaanza kwa kuarifu kwamba Palpatine yu hai, na mpaka mwisho haitoi maelezo ya kuridhisha. Toba ya Vader, iliyodumu miaka 36 katika kumbukumbu za watu, imebaki kuwa ucheleweshaji tu. Filamu hiyohiyo inamuua Chewbacca na kumfufua kabla machozi hayajakauka, kisha inafuta kumbukumbu za roboti C-3PO na kumrudishia baadaye. Mtunzi anayefanya hivyo mara tatu katika kazi moja haamini kwamba hadhira yake inaweza kustahimili kupoteza kitu.

Na kuna Logan (2017) ya James Mangold. Ni filamu ya jagina aliyezeeka, mwenye kikohozi na mikono inayotetemeka, anayekufa porini akimlinda binti aliyezaliwa kwa damu yake maabarani. Binti naye anaung'oa msalaba wa kaburi na kuulaza upande uwe herufi X. Wengi waliichukulia kuwa ushahidi kwamba utanzu huu umekomaa. Miaka 7 baadaye Deadpool & Wolverine inaanza kwa Deadpool kulifukua kaburi hilo, kuutoa mfupa mmoja baada ya mwingine, na kuifanya mifupa hiyo silaha huku muziki wa dansi ukipigwa. Hapana budi kukiri kwamba kuna ukweli katika ufedhuli huo: filamu inajua inachokifanya na inakionyesha waziwazi. Lakini kejeli inayojua kosa lake na kulitenda kwa faida haiwi tashtiti. Wolverine mwingine akaletwa kutoka ulimwengu mwingine, na mauzo yakazidi dola bilioni 1.3.

Kwamba haya si maumbile ya utanzu bali ni uamuzi wa kibiashara, linathibitishwa na Rogue One (2016), ambamo wahusika wakuu wote wanakufa ili ramani moja ifike inakotakiwa. Linathibitishwa zaidi na Black Panther (2018) ya Ryan Coogler, kazi iliyostahili kujadiliwa Afrika Mashariki kwa undani kuliko ilivyojadiliwa. Sifa nyingi ziliishia kwenye mavazi, na fahari ya kumwona Lupita Nyong'o akimwigiza Nakia. Msuko wake wenyewe umegawanyika katika suala la kifo. T'Challa anatupwa kutoka maporomoko ya maji, anadhaniwa amekufa, kisha anapatikana amezikwa katika theluji na kuamshwa kwa dawa ya mitishamba: hiyo ni desturi ya studio. Killmonger, mpinzani wake, anachomwa kifuani, anapelekwa kuliona jua likitua, na anapoambiwa kwamba anaweza kutibiwa, anakataa. Anaomba azikwe baharini pamoja na wahenga wake waliojitosa kutoka merikebuni kwa kukataa utumwa. Katika mfululizo mzima hakuna mhusika mwingine aliyepewa dawa ya ufufuo mkononi na kuirudisha kwa jina la historia. Ndiyo maana mshindwa huyu anakumbukwa kuliko mshindi.

Mnamo Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Hapa studio ilikabiliwa na kifo ambacho haikukiandika. Iliamua kutomweka mwigizaji mwingine mahali pake, na Black Panther: Wakanda Forever (2022) inaanza na Shuri akiwa katika maabara yake, akihangaika kuutengeneza upya mmea wa uponyaji kwa msaada wa mashine, mpaka mama yake anapoingia kumpa taarifa. Sayansi ya Wakanda, iliyoweza kila kitu, imechelewa. Dakika hizo za mwanzo, pamoja na mazishi meupe yanayozifuata, zina ukweli usiopatikana katika filamu nyingine za miaka hiyo. Hata kurejea kwa Killmonger katika maono ya Shuri hakuudhi, kwa kuwa anarejea kama mzimu aulizwaye shauri, na mizimu hairudi kuishi. Baadaye filamu inalemewa na vita vya baharini na wahusika wapya waliopandwa kwa ajili ya mavuno ya miaka ijayo, na matanga yanakatizwa mara kwa mara na biashara.

Tukio la mwisho linatokea Haiti. Shuri anayachoma mavazi yake ya kufiwa ufukweni, na Nakia anamletea mtoto ambaye hakuwahi kumwona. Mtoto anaitwa Toussaint, lakini ana jina la pili, analomnong'oneza shangazi yake: T'Challa, mwana wa T'Challa. Hadhira ya Kenya, ambako jamii nyingi humpa mtoto jina la aliyetangulia, italipokea jina hilo kwa njia yake, bila kuona ndani yake ufufuo wowote. Ofisi za Burbank zina njia nyingine ya kulisoma. Mtoto ni mdogo, na mwigizaji wa kumfanya mtu mzima hatakosekana.