Kofi Moja Safarini

Kutoka Kyebando hadi Bwaise, hapa Kampala, ni mwendo wa miguu. Unateremka Kalerwe, unalipita soko, unaambaa na barabara ya mzunguko ya kaskazini, umefika. Njia hiyo niliizoea hata sikuitazama tena, mpaka niliposoma Kintu, riwaya ya Jennifer Nansubuga Makumbi.

Inaanzia hapo hapo Bwaise, Januari 2004. Mlango unagongwa asubuhi, viongozi wa mtaa wanamtaka Kamu Kintu akahojiwe. Anafuatana nao. Watu wanajikusanya, neno mwizi linatamkwa, na muda si muda kijana ameuawa. Sisi tunaoishi huku tunalijua neno hilo. Likipigiwa kelele usiku, watu hutoka na fimbo kabla hawajauliza kimeibwa nini.

Mwandishi mwingine angekaa hapo atulaumu. Makumbi anafunga mlango huo na kuturudisha nyuma hadi mwaka 1750, kwa Kintu Kidda, Ppookino, yaani gavana wa Buddu, aliye njiani kwenda kumtolea heshima Kabaka mpya, Kyabaggu. Ni enzi ambayo wana wa mfalme huuana kwa ajili ya kiti. Gavana anapima kila neno atakalolisema ikulu, na msomaji anapima naye. Hata nyumbani hapumziki, maana ndoa zake nyingi ni siasa: kila mke amekuja na ukoo wake nyuma yake. Mapenzi yake yako kwa Nnakato, lakini pacha wake Babirye naye ilibidi aolewe. Sijasoma mahali pengine ambapo fitina za utawala zimeingizwa hadi kitandani kwa utulivu namna hiyo.

Basi unangoja mkuki utoke ikulu. Hautoki. Kalema, kijana ambaye Kintu amemlea kama mwanawe, anashikwa na kiu safarini, anadaka kibuyu cha gavana na kunywa. Kintu anamzaba kofi. Kijana anaanguka, hainuki tena.

Ufundi wenyewe ninaousifu ni huu. Kofi halikupambwa. Ni mkono wa mtu mzima aliyezoea kutiiwa, mkono ambao kila mmoja wetu amewahi kuuona ukinyanyuka. Na kutoka kwenye kofi hilo inazaliwa laana itakayowaandama wajukuu na vitukuu mpaka Bwaise. Hatulazimishwi kuiamini laana. Wala hatuachiwi nafasi ya kuicheka. Ukoloni wote umerukwa, kana kwamba mwandishi anasema tulikuwa na madeni yetu kabla wageni hawajafika.

Shaaban Robert alipotaka kusema juu ya watawala na fitina, katika Kusadikika ya mwaka 1951, aliipandisha nchi nzima angani na kumsimamisha mshtakiwa, Karama, mbele ya mfalme ajitetee. Ni njia ya heshima na bado naipenda. Makumbi ameishusha nchi ikae kwenye matope yetu, ambako mvua ikinyesha mitaro hufurika hadi vizingitini. Muswada wake ulishinda tuzo ya Kwani? jijini Nairobi mwaka 2013, na kitabu kikatoka huko mwaka uliofuata. Nafurahi kwamba Afrika Mashariki ndiyo iliyokisoma kwanza.

Jirani yangu ni mshonaji, mama kutoka Bukavu. Kiingereza hakisomi, kwa hiyo jioni humsimulia kwa Kiswahili, yeye akikanyaga cherehani, mimi nikiwa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Tulipofika kwenye kofi aliendelea kushona. Nikamweleza kuwa Kalema alikuwa na baba mzazi, Ntwire, mtu aliyetoka Rwanda, ambaye mkewe alifariki katika uzazi, akamkabidhi Kintu mtoto. Na kwamba msafara ulirudi Buddu, Ntwire akawa anangoja.

Cherehani ikanyamaza.

"Na baba yake, ni nani alimwambia?"

"Hakuna."

"Hata yule gavana?"

"Hata yeye."

Alikata uzi kwa meno, akaikunja sare ya shule aliyokuwa akiishona na kuiweka mapajani. Taa za Kalerwe zilikuwa zimeshawaka. Hakuishika tena kazi ile usiku huo.