Chaki Isiyo na Mshahara

Kufundisha lugha bila malipo ni ufundi, na ufundi huu unatuponyoka Bwera mchana kweupe. Wengi humwona mwalimu wa kujitolea kuwa ni mtu aliyekosa kazi ya maana. Anayedhani hivyo na aende akae jioni moja nyuma ya darasa la watu wazima, kando ya barabara inayoshuka Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, ajionee mwenyewe.

Mwalimu wa darasa ninalolisema alistaafu shule ya msingi kitambo. Wanafunzi wake, wengi wao wanawake wanaouza mawese, maharage na samaki wakavu gulioni, humwita Mama Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Ubao wake ni mbao zilizopigiliwa misumari na kupakwa weusi wa betri kuukuu. Kabla ya somo huchukua uzi, akaupaka unga wa chaki, akamwita mwanafunzi mmoja ashike ncha ya pili. Wanauvuta ukakazika. Anaunyanyua katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Uzi unapiga ubao, na mstari mwembamba unabaki hapo, umenyooka kuliko ambavyo rula ingeweza. Hufanya hivyo mstari baada ya mstari, bila haraka, mpaka ubao mzima umepigwa. Ndipo anaandika, na kila herufi inakaa mahali pake. Nilipomuuliza kwa nini ajisumbue hivyo kwa watu wanaotaka tu kujua kuandika majina yao, alinijibu kwamba hao ndio hawajawahi kuandikiwa kitu kizuri.

Kitabu hana. Kitabu chake ni karatasi wanazokuja nazo wanafunzi: risiti ya duka la jumla, kadi ya kliniki, ripoti ya mtoto kutoka shuleni, fomu ya forodha iliyokunjwa mara nne. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, kule Kasindi, karatasi za serikali ni za Kifaransa. Huku kwetu ni za Kiingereza. Na midomoni mwa watu wa pande zote mbili kuna Lhukonzo na Kiswahili. Asiyeweza kusoma karatasi yake humlipa kijana amsomee, na kijana akiamua kumdanganya, basi kadanganywa. Kiingereza cha Mama Mwalimu kinaanzia hapo hapo, kwenye bei, uzito na tarehe.

Lakini ufundi wake mkubwa ni kungoja. Anauliza swali kwa Kiingereza, kisha ananyamaza. Muuza mawese anasimama, anaanza, anakwama. Wenzake wanataka kumtilia maneno mdomoni. Mama Mwalimu anawainulia kidole. Kimya kinarefuka mpaka sisi wageni tunaona haya. Hatimaye jibu linatoka, limevunjika hapa na pale, ila ni lake mwenyewe, hakukopeshwa na mtu. Nimewaona wenye shahada za ualimu wasioweza kuvumilia nusu ya kimya hicho.

Milima hii inajua thamani ya mwalimu. Isaya Mukirania, aliyeongoza vuguvugu la Rwenzururu lilipojitangazia uhuru mwaka 1962, alikuwa mwalimu wa shule, na moja ya manung'uniko ya Wakonzo wakati ule ni kwamba watoto wao walifundishwa kwa Kitooro badala ya lugha ya mama zao. Huko juu Rwenzururu ilianzisha shule zake yenyewe. Mwaka 1992 serikali ya Uganda nayo ilianza mpango wa kisomo cha watu wazima, ukiegemea mabega ya walimu wa kujitolea. Mipango imekuja na majina mapya tangu hapo. Mabega ni yale yale.

Siku hizi hata mkutano wa kunywa soda una posho. Kijana ukimwambia kuna darasa la bure, swali la kwanza ni nani mfadhili. Vijana wa Ulaya huja Kasese wakafundisha wiki kadhaa, wakapiga picha na watoto, wakaondoka majina ya wanafunzi yakianza tu kuwakaa kichwani. Siwalaumu sana, angalau wamelipa nauli. Na huko kwao, kwenye miji midogo inayopokea wakimbizi, wapo wastaafu wanaofundisha lugha jioni kwenye kumbi za makanisa bila kudai senti. Sisi wastaafu wetu wako wapi? Wengine wanaambiwa simu itatafsiri kila kitu. Simu haijui kumngoja mtu.

Niliuliza nani atamrithi Mama Mwalimu. Aliwahi kuwa na binti mmoja aliyekuja kujifunza kazi, akapiga uzi ubaoni vizuri kabisa, akaacha alipojua hakuna malipo. Sasa Mama Mwalimu hufundisha akiwa ameketi, kwa sababu ya magoti, na mistari ya juu ya ubao haifikii tena.

Wewe uliyestaafu ualimu, uwe Kasese mjini, Hima, Kilembe au hapa hapa Bwera, usisubiri barua ya mwaliko. Njoo ukae nyuma ya darasa mwezi mmoja, umtazame anavyofanya, kisha ushike ncha ya uzi. Darasa huanza saa kumi na moja jioni, gulio likishatawanyika. Chaki uje nayo.