Kiwiko ni Kipi? Maoni juu ya Rasimu ya Istilahi za Kumbukumbu za Wagonjwa

Rasimu ya istilahi za kumbukumbu za wagonjwa iliyoletwa mezani petu hivi karibuni ni kazi ya watu wenye bidii, na sehemu zake nyingi hazina dosari. Hata hivyo, kurasa zinazohusu neva zinazobanwa na kuleta maumivu ya mkono zina kasoro isiyofaa kupita kimya. Kila istilahi humo inaelekeza kwenye msimbo, na msimbo ukikosewa, mgonjwa huwa ameandikiwa ugonjwa wa mwenzake.

Tuanze na neno "mshipa". Neno hili lina mizigo mingi: mshipa hupitisha damu, mshipa hupeleka hisi, na mtu akisema ana mshipa huenda anakusudia ngiri. Rasimu imeridhika na "mshipa uliobanwa" kila mahali. Lakini katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990, maradhi hayo yametawanyika. Mzizi wa neva ukiumia kwa sababu ya diski ya shingo ni M50.1, ukiumia pasipo diski kutajwa ni M54.1; neva ya mediani ikibanwa kwenye kifundo cha mkono ni G56.0; na neva ya alna ikidhurika ni G56.2. Wagonjwa wote hao watasema mkono unakufa ganzi. Mtunza kumbukumbu ambaye hakuandikiwa mahali penyewe atachaguaje? Neno "neva" limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya shule. Sioni sababu ya kulikwepa.

Kuhusu "ugonjwa wa mizizi", uliowekwa kwa M54.1, itoshe kusema kwamba bwana shamba angedhani tunazungumzia mihogo. "Ugonjwa wa mzizi wa neva" ndio usemi ulio wazi.

Kasoro kubwa zaidi ni "mfereji wa kiwiko", istilahi iliyopewa G56.0. Watunzi walifuata kamusi za zamani, ambazo kwazo kiwiko cha mkono ni pale kitanga kinapoungana na mkono. Lakini wasemaji wengi wa leo ukiwaambia wakuonyeshe kiwiko watakunja mkono na kukuonyesha kisugudi. Na huko kwenye kisugudi upo mfereji mwingine, ambamo hupita neva ya alna! Basi "mfereji wa kiwiko" umekuwa jina la maradhi mawili: moja hutia ganzi kidole gumba, cha shahada na cha kati, la pili hutia ganzi kidole cha mwisho. Daktari wa upasuaji akilipokea jina hilo katika barua ya rufaa, lugha yetu imemwonyesha mahali pawili.

Napendekeza neno "kiwiko" liondolewe kabisa katika orodha hii, tuseme "kifundo cha mkono" na "kisugudi". Nitaambiwa kwamba kisugudi halijulikani sana bara. Ni kweli, lakini istilahi hizi ni za mwandishi wa faili, naye hufundishwa. Mgonjwa na aseme kiwiko apendavyo, kisha aombwe aguse panapouma. Upande nao uandikwe, wa kulia au wa kushoto. Wamarekani wameutia ndani ya msimbo wenyewe, hata G56.01 ni mkono wa kulia na G56.02 wa kushoto. Rasimu haikuugusa.

Sina budi kukiri kwamba orodha ya viungo vya mwili iliyotumiwa na watunzi hawa ilipitia mikononi mwangu, nami nililiacha neno "kiwiko" bila maelezo kwa kuwa nyumbani kwetu lilikuwa na maana moja tu. Ukurasa huo sasa nimeurudisha na masahihisho, pamoja na picha ya mkono iliyoandikwa majina.