Antena Iliyozikwa Bawani: Somo la Long-EZ kwa Wanaojiundia Ndege

Ukiizunguka ndege ya Long-EZ iliyojengwa kwa kufuata michoro yake, hutaona antena ya redio ikichomoza. Imo ndani ya ncha ya bawa, chini ya kitambaa cha nyuzi za kioo, epoksi na rangi, na imekuwa humo tangu bawa lilipokauka. Rubani anazungumza na mnara wa uwanja kupitia kitu ambacho mkono wa fundi hauwezi tena kukifikia. Huu ni ufundi mzuri sana, na umebeba kanuni ambayo kila anayefunga vifaa vya kielektroniki katika ndege ya kujiundia anapaswa kuishika: pima kabla ya kufunika.

Mwili unaopitisha mawimbi

Long-EZ ni kazi ya mbunifu wa ndege Burt Rutan. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1979 huko Mojave, California, na michoro yake iliuzwa hadi mwaka 1985. Mnunuzi alijenga mwenyewe: alikata povu gumu kwa waya wa moto, kisha akalivika vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa epoksi. Bawa dogo liko mbele, injini iko nyuma, na ncha za bawa kubwa zimesimama wima.

Mwili wa aluminiamu huzuia mawimbi ya redio, kwa hiyo antena haina budi kukaa nje. Nyuzi za kioo huyapitisha. Jim Weir, mhandisi wa RST Engineering wa California, aliona nafasi hiyo akabuni antena nyepesi sana: vipande viwili vya utepe wa shaba, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu nusu mita, vikipangwa mstari mmoja na kuachana kidogo katikati. Kiini cha kebo ya antena kinalehemiwa kwenye kipande kimoja, na wavu wake kwenye kingine.

Urefu huo una hesabu yake. Mazungumzo ya ndege hutumia megahezi 118 hadi 137. Katikati ya masafa hayo, kwenye megahezi 127, wimbi zima lina urefu wa karibu mita 2.4, hivyo robo yake ni takriban sentimita 59. Upana wa utepe na epoksi inayouzunguka hufupisha kipimo hicho kidogo. Karibu na kiungo, Weir alivisha kebo vipete vitatu vya feraiti. Kazi ya vipete hivyo ni kuzuia mkondo wa redio usirudi juu ya ganda la nje la kebo na kuigeuza kebo nzima kuwa antena ndani ya chumba cha rubani.

Mwelekeo nao una sheria yake. Mawimbi ya mazungumzo husafiri yakiwa wima, ndiyo maana ncha zilizosimama za Long-EZ zinaifaa antena hiyo. Mawimbi ya vituo vya VOR, vinavyomwonyesha rubani njia, husafiri kwa mlalo, kwa hiyo antena ya kuyapokea hulazwa ndani ya bawa. Ukizibadilisha nafasi, zote mbili zitapoteza sehemu kubwa ya nguvu hata kama kila kiungo kimelehemiwa vizuri.

Gharama ya kuficha

Utepe ukishafunikwa, kosa dogo linageuka kuwa la kudumu. Uzi mmoja wa wavu ukigusa kiini, ni shoti ndani ya bawa. Risasi isiyoshika vizuri itaachia baada ya mitikisiko ya miezi kadhaa. Mjenzi akiimarisha ncha kwa nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme, anakuwa ameiwekea antena yake ukuta. Rangi yenye chembe za metali nayo huipunguzia nguvu.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hufanywa shaba ikiwa bado wazi. Kwa mita ya kawaida, kiini na wavu wa antena hii visiwe na mawasiliano yoyote. Halafu hupimwa uwiano wa mawimbi yaliyosimama (SWR), unaoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, katika mwanzo, katikati na mwisho wa masafa. Uwiano wa 2 kwa 1 hurudisha takriban asilimia 11 ya nguvu, nao unavumilika. Uwiano wa 3 kwa 1 hurudisha robo nzima, na hapo utepe unahitaji kurekebishwa. Kipimo hurudiwa baada ya kitambaa kukauka.

Kuna mtego hapa. Kebo ndefu au mbovu hula nguvu ikienda na ikirudi, kwa hiyo mita iliyowekwa upande wa redio inaweza kuonyesha uwiano mzuri wakati antena imekufa. Dawa yake ni kupima karibu na antena kadiri inavyowezekana, na kutumia kebo bora yenye wavu maradufu.

Mwili usiorudisha umeme

Katika ndege ya aluminiamu, mwili wenyewe unaweza kuwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Long-EZ haina njia hiyo, na kila kifaa kinahitaji waya wake wa kurudishia umeme. Bob Nuckolls, aliyewafundisha wajenzi wengi kupitia kitabu chake The AeroElectric Connection, amesisitiza kwa miaka mingi kuwa nyaya za vifaa nyeti zikutane mahali pamoja. Sababu ni rahisi kuihesabu: ampea 10 zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa ohmu 0.01, zinaacha tofauti ya volti 0.1. Taa haitajali. Maikrofoni, ambayo ishara yake ni ndogo mno, itaisikia tofauti hiyo na kuipeleka masikioni mwa rubani.

Injini nayo ipewe waya mnene wa ethi. Ukikatika au ukisahauliwa, umeme mkubwa wa stata utatafuta njia nyingine, mara nyingi kupitia kebo ya chuma ya kuongoza mafuta, na kebo hiyo inaweza kuungua.

Transponda ina dai lake. Hujibu rada kwa megahezi 1090, na robo ya wimbi hapo ni karibu sentimita 7 tu, lakini antena yake fupi hutegemea bamba la metali chini yake. Ndege ya aluminiamu tayari inalo. Mjenzi wa Long-EZ hana budi kuliweka kwa makusudi, na kuliweka mbali na miili ya watu.

Kusaka kelele kwa utaratibu

Malalamiko ya kawaida zaidi ni mlio kwenye hedifoni, na mlio wenyewe hutoa ushahidi. Ukipanda na kushuka pamoja na mizunguko ya injini, chanzo ni altaneta; ni mlio uleule wanaousikia abiria wa daladala wakati dereva anakanyaga mafuta na redio iko wazi. Ukidunda sambamba na taa ya kumweka, shuku waya wa taa hiyo. Mikwaruzo inayofuata kasi ya injini huku altaneta ikiwa imezimwa inaelekeza kwenye mfumo wa kuwasha mafuta.

Majaribio mawili hutenganisha mengi. La kwanza: ndege ikiwa chini na injini ikinguruma, zima altaneta kwa swichi yake. Mlio ukikoma, mhusika amepatikana. La pili: ipe redio umeme kutoka betri ndogo ya pembeni. Ukikoma sasa, mlio ulikuwa unaingia kupitia waya wa umeme. Ukiendelea, unaingia kupitia nyaya za sauti, na mahali pa kwanza pa kutazama ni soketi za hedifoni. Zinapaswa kutenganishwa na paneli ya metali kwa washa za plastiki, ili ethi yao irudi kwenye redio pekee. Wajenzi wengi hununua kichujio cha umeme kabla ya kutazama washa hizo, na fedha hupotea bila mlio kuondoka.

GPS ina hitilafu yake ya siri. Hupokea kwenye megahezi 1575.42. Rubani akizungumza kwenye 121.150, mwangwi wa 13 wa masafa hayo, yaani masafa hayo yakizidishwa mara 13, huangukia 1574.95. Kwenye 131.250, mwangwi wa 12 huangukia 1575.0 kamili. Redio inayovujisha miangwi hiyo inaweza kuizima GPS wakati rubani anazungumza. Kwa hiyo, ndege ikiwa chini na setilaiti zimeshashikwa, fundi mwangalifu hurusha mawimbi kwenye masafa ya jirani na hayo mawili huku akitazama kama ishara zinapungua.

Dira ya kielektroniki hujaribiwa vivyo hivyo: washa taa na vipasha joto kimoja baada ya kingine, utazame namba. Ikihama, sensa iko karibu mno na waya wa mkondo mkubwa au na chuma. Sheria kuu ya kazi yote ni kubadilisha jambo moja kwa wakati, kisha kuandika. Anayebadilisha matatu kwa pamoja anaweza kuiondoa hitilafu bila kuijua, na ikirudi hatakuwa na pa kuanzia.

Nani atarithi nyaya?

Sheria za Marekani humpa uhuru mkubwa aliyejenga sehemu kubwa ya ndege yake kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Anaweza kupata cheti cha kuifanyia ukaguzi wa kila mwaka yeye mwenyewe. Transponda inabaki chini ya kipimo cha kila miezi 24 kinachofanywa na wenye idhini na vifaa. Cheti cha mjenzi hakiuzwi pamoja na ndege. Mnunuzi anachukua kila waya, kila kiungo na utepe uliozikwa bawani, bila kumbukumbu ya aliyeviweka.

Hapo ndipo ninapoupima ubora wa kazi hii. Antena ya Weir imethibitisha kuwa shaba ya bei nafuu, ikikatwa kwa hesabu na kulazwa kwa uangalifu, huhudumia ndege kwa miaka mingi bila kuongeza ukinzani wa hewa. Lakini inamdai mjenzi zaidi ya risasi na epoksi. Inamdai picha ya kila utepe kabla ya kufunikwa, vipimo vilivyoandikwa kwa tarehe, lebo kwenye ncha zote mbili za kila waya, na bomba jembamba ndani ya bawa la kupitishia kebo mpya siku ya zamani itakapokufa. Kumbukumbu hizo ni sehemu ya ndege sawa na bawa lenyewe, na ndege isiyo nazo haijakamilika hata kama inaruka.