Harufu ya Samaki Nyuma ya Turubai

Kwenye chakula cha harusi ile hapakuwa na samaki. Kamati ilipitisha pilau ya nyama, kuku wa kukaanga na kachumbari, nami nilikuwa nimepita mbele ya masufuria mara tatu kwa visingizio tofauti, kwa hiyo nilijua. Lakini nyuma ya turubai, penye boksi la kugawia umeme, palinuka samaki aliyesahauliwa juani. Fundi alinusa mara moja, akaweka soda yake chini, akakimbilia jenereta.

Ilikuwa Tanga, miaka ya mwanzo ya 2000, na mimi nilikuwa saidia fundi: nabeba kebo, nashika ngazi, nafunga tepu. Ndani ya turubai watu walikuwa wanashangilia. Taa za jukwaani zilikuwa zimewaka ghafla kwa ukali usio wa kawaida, nyeupe pee, na MC akasema hata umeme umemfurahia bibi harusi. Upande wa wapishi globu zilikuwa zimefifia, zimekuwa nyekundu kama makaa. Nilichomeka tesa yangu kwenye soketi ya jukwaani: tundu la kwanza ikawaka, tundu la pili nalo ikawaka. Nikamfuata fundi mbio. "Mzee, fezi zimekuwa mbili!" Hakunijibu. Alishusha swichi kubwa, na turubai zima likaingia giza katikati ya wimbo.

Nimefanya kazi nyingine nyingi tangu siku ile, lakini bado sijaona tendo la kifundi lililonipendeza kuliko lile la kuzima. Mtu yeyote anaweza kuwasha. Kuzima mbele ya wageni mia tatu wanaofurahia mwanga, tena kwa sababu ya mwanga huohuo wanaoufurahia, kunahitaji mtu anayejua anachokiona.

Alichokiona ni hiki. Jenereta ile ilikuwa ya fezi tatu. Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi kuna 400. Nyutro ni njia ya kurudia ya wote. Ikikatika, vifaa vya fezi moja na vya fezi nyingine hujikuta vimepangwa mstari mmoja, vikigawana zile 400, na mgao wenyewe ni wa ajabu: mwenye mzigo mkubwa hupata kidogo, mwenye mzigo mdogo hulemewa. Chukua fezi mbili tu, moja ina mzigo wa wati 4,000 na nyingine ina taa za wati 400. Nyutro ikiachia, taa zitapata karibu volti 364. Zitang'aa kweli. Zinang'aa zikifa. Na tesa yangu haikunidanganya, mimi ndiye sikuielewa: waya wa nyutro uliokatika huko nyuma hupokea umeme kupitia vifaa vyenyewe, kwa hiyo matundu yote mawili huwasha tesa ingawa ni moja tu lililofungwa kwenye fezi.

Siku hizi ishara ile imepotea kwa sehemu kubwa. Taa nyingi za LED zina kifaa ndani kinachosawazisha volti, hivyo hazing'ai zaidi wala hazififii. Zinavumilia kimya mpaka zinaungua. Kuna urahisi tulioununua kwa kuuza onyo. Sisemi turudi kwenye globu za nyuzi, zilikuwa zinakula mafuta ya jenereta bila huruma, lakini zilikuwa zinasema.

Katika giza lile mwenyekiti wa kamati alikuja na tochi na hasira. "Fundi, unatuaibisha!" Fundi akamwambia taratibu, "Nipe dakika kumi, bosi," kisha akafanya jambo lililonishangaza: akasimama tu. Fundi wa kupiga ramli angekuwa ameshachomoa waya tano. Yeye alisimama na mita mkononi, akageuza kichwa mara mbili tatu kama mtu anayetafuta upepo unatoka wapi. Harufu. Plastiki ya viungo vya umeme ikipata moto polepole hutoa harufu ya samaki kabla ya kutoa moshi. Akapima kwanza kuhakikisha hakuna umeme, akafungua boksi, akanimulikisha. Pale kebo ya nyutro ilipofungwa, shaba ilikuwa na ukungu wa kijani wa chumvi ya bahari, na pembeni yake plastiki ilikuwa imekuwa ya kahawia, imevimba. Akaishika nati kwa vidole viwili. Ikazunguka. Nati iliyopaswa kukazwa kwa spana ilizunguka kama kifuniko cha chupa.

Mimi ndiye niliyeifunga jioni ile. Alijua, na hakusema.

Mtu asidhani kazi yote ni ya kishujaa hivyo. Mara nyingi ni umande. Saa nane za usiku breka ya uvujaji, ile inayokata ikiona miliampea 30 zimepotea njiani, inaanguka, unainyanyua, inaanguka tena. Una nyuzi 16 za taa na maji yameingia kwenye plagi ya mmoja. Fundi yule hakuzijaribu mmoja mmoja. Alichomoa nane; breka ikishika, mgonjwa yuko katika zile nane. Akarudisha nne. Kisha mbili. Kisha mmoja. Majaribio manne, na uzi mbovu uko mkononi, unadondoka maji. Au ni "umeme mdogo": spika inakata kila besi inapopiga, kwa sababu mtu amevuta waya wa milimita mbili na nusu kwa mita 60 na kuutwisha ampea 20, na karibu volti 20 zimebaki njiani kama joto. Hapo hakuna kilichoharibika. Kuna waya mwembamba tu, na DJ anayekulaumu.

Usiku ule wa harusi tulikata sehemu iliyoungua, tukachubua shaba mpya, tukasugua kwa msasa, akakaza mwenyewe kisha akanipa spana nikaze tena. Akapima nyutro kutoka boksi hadi jenereta, mita ikalia. Hakurudisha kila kitu kwa mpigo. Taa kwanza, akapima fezi zote tatu. Halafu muziki, akapima. Friji za vinywaji mwisho. Zilizoungua zilikuwa globu kumi na moja na redio moja ya wapishi. Ndani MC alishamaliza kumshukuru Mungu na kamati.

Tuliletewa sahani mbili. Alikaa juu ya dumu la dizeli, mgongo umeegemea mti, sikio upande wa jenereta inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, na akaanza kula. Friji moja ilipowaka, injini ilishuka sauti kidogo, ikaguna. Mkono wake ukasimama, tonge la pilau katikati ya sahani na mdomo. Injini ikajivuta, ikarudi kwenye sauti yake. Akatia tonge mdomoni.