Zein aliimba mashairi ya Lamu. Mwindo wetu ataimbwa na nani?



Majuma mawili sasa, jioni nikitoka shambani, ninasikiliza albamu moja kwenye simu: Mtindo wa Mombasa, ya Zein l'Abdin na kundi lake, iliyotoka mwaka 1990. Zein alikuwa mtu wa Lamu, fundi wa udi. Pamoja na Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na mtafiti, alichimbua mashairi ya karne ya 19 akayatia katika nyimbo zake.

Uzuri wake ni kwamba udi haushindani na neno. Sauti inapewa nafasi yake. Kiswahili cha pwani si chetu. Mara ya kwanza mi nilishika nusu tu. Mara ya tatu vina vilinibeba, maneno yakaingia yenyewe. Kama ingekuwa kitabu, ningekifunga mapema.

Lakini kila nikisikiliza ninawaza Mwindo. Mwaka 1956, kwa Wanyanga wa hapa kwetu, muzee Rureke alisimulia na kuimba habari za Mwindo kwa siku 12, vijana wakigonga kijiti na kuitikia. Daniel Biebuyck na ndugu yetu Kahombo Mateene wakazichapisha mwaka 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza. Kazi kubwa, tunawashukuru. Ila ukurasa hauna sauti. Pale Mwindo anapoimba akiwa ndani ya ngoma, mtoni, akienda kwa shangazi yake Iyangura, msomaji anaona mistari tu. Waitikiaji hawasikii.

Sisi wa agronomi tunajua: mbegu ikikaa miaka ndani ya chupa bila kupandwa, nguvu ya kuota inapungua. Njo hali ya Mwindo. Wazee wanaojua kumuimba wanapungua, na vita vinawatawanya. Vijana wengi hapa wanamjua kwa jina tu.

Mwenzangu mmoja akasema: basi tumuige Zein, tutie kinanda, iishe. Hapana. Shairi la Lamu lina vina na mizani; ukipata sauti ya ubeti mmoja, beti zote zinaingia humo. Mwindo haiko hivyo. Msimulizi anasema, anaimba, anacheza, watu wanaitika. Ukitoa masimulizi ukabakiza nyimbo, msikilizaji hatajua nani anaimba na juu ya nini. Tuchukue kwa Zein jambo moja: neno litangulie, chombo kifuate. Mengine yote yatoke kwetu: msimulizi, kijiti, waitikiaji, hata kama ni kipande kimoja tu, kile cha ngoma mtoni.

Simu tuko nazo, na zinarekodi vizuri. Likizo hii, mwenye babu ao bibi anayejua hata wimbo mmoja wa Mwindo, amuombe ruhusa, akae naye, arekodi yote bila kukatakata, aandike na jina lake. Studio tutaitafuta baadaye. Muzee hatungoji.